Jinsi ya Kutapeliwa Kisomi

Mwaliko utakuja kwa barua pepe, na jambo la kwanza ni kuuamini. Utaitwa "Mheshimiwa Profesa Daktari", ingawa wewe ni mhadhiri msaidizi na mshahara wako unalijua hilo. Utaambiwa kwamba wahariri wameisoma makala yako kwa furaha isiyo kifani, kisha kitafuata kichwa cha makala hiyo kwa herufi kubwa, mwandiko wake tofauti na wa maneno yanayokizunguka. Usijiulize nani alikibandika hapo. Makala yako ilihusu minyoo ya mbuzi wa Kongwa. Jarida linalokualika ni la upasuaji wa mifupa na uhandisi wa mawasiliano. Hilo nalo usijiulize.

Toleo lijalo limebakiza nafasi ya makala moja tu, na mwisho wa kupokea ni Ijumaa. Kama huna makala kamili, kurasa mbili zinatosha. Kama huna kurasa mbili, tuma maoni mafupi. Kama huna maoni, tuma picha na wasifu wako, uwekwe kwenye bodi ya wahariri. Jibu litatoka ndani ya saa 72. Yeyote aliyewahi kusubiri miezi minane apate maoni ya mpitiaji wa pili, akaishia kupata mistari mitatu ya kudhalilishwa kitaalamu, ataelewa kwa nini saa 72 zinaweza kumtoa mtu machozi.

Miongozo ya kukwepa majarida ya kitapeli imeandikwa mingi, ni mizuri, na watu huitafuta wakiwa wameshatuma pesa. Huu unakwenda upande wa pili. Unamfundisha mwenye haraka namna ya kuliwa hela zake, data zake na jina lake bila kusumbuliwa na maswali njiani.

Ukifungua tovuti, ridhika na jina. Jina zuri huanza na "Kimataifa" au "Ulimwengu" na hubeba fani tatu au nne ambazo hazijawahi kusalimiana. Anuani ikiwa ya London au ya Delaware, ridhika zaidi. Usiitafute kwenye ramani, usije ukakuta ni chumba ambacho makampuni lukuki yamekikodi kwa ajili ya kupokelea barua tu. Usishangae kwamba ofisi iko Uingereza ilhali saa za kazi zilizoandikwa ni za bara jingine, na kwamba anwani ya mhariri mkuu ni ya barua pepe ya bure, ile ile anayotumia shemeji yako kuuzia viwanja.

Halafu itazame bodi ya wahariri kwa heshima, lakini usimwandikie hata mmoja wao. Ukiwaandikia, mmoja atakujibu kwamba hajawahi kulisikia jarida hilo. Mwingine atakujibu kwamba amekuwa akiomba jina lake liondolewe tangu mwaka juzi. Wa tatu hatajibu kabisa, kwa kuwa ni marehemu.

Wapo waliotaka kujua ni sifa gani hasa zinazomwingiza mtu kwenye bodi hizi. Mwaka 2015 Piotr Sorokowski na wenzake nchini Poland walimuunda mwanasayansi asiyekuwepo, wakampa shahada za uongo, sura za vitabu vya uongo vilivyotolewa na wachapishaji wa uongo, na jina la Anna O. Szust, ambalo ukiunganisha herufi ya kati na jina la ukoo, Mpoland analisoma "tapeli". Makala ya maana hakuwa nayo hata moja. Wakaomba kwa niaba yake nafasi ya uhariri katika majarida 360. Majarida 48 yalimpokea, na manne kati ya hayo yalimpa uhariri mkuu papo hapo, bila hata kumpigia simu. Mengine yalimtaka achangie fedha kidogo, mengine yakamwahidi mgawo wa faida. Matokeo yalipotoka katika jarida la Nature mwaka 2017, ilionekana kwamba 40 kati ya hayo 48 yalikuwa kwenye orodha ya majarida yanayotiliwa shaka. Manane yaliyobaki yalitoka kwenye orodha inayoaminika, jambo ambalo mtu mwangalifu angelikumbuka, lakini wewe una haraka.

Sharti lililo kubwa kuliko yote ni hili: usisome makala hata moja ya jarida unalolitumia. Ukilivunja hilo, mwongozo mzima umeharibika. Mtu aliyepata digrii moja tu ya fani yake, akisoma makala tatu zilizochapishwa humo kwa nusu saa, atajua yuko wapi. Atakuta ikisiri inayotaja wagonjwa 120 na jedwali lenye wagonjwa 87. Atakuta marejeo ya kilimo cha mpunga kwenye makala ya shinikizo la damu. Na atakuta makala iliyopokelewa Jumatatu, ikapitiwa Jumanne, ikachapishwa Alhamisi, tarehe zote zikiwa zimeandikwa chini ya kichwa bila haya.

Mwandishi wa habari za sayansi, John Bohannon, ndiye aliyeuonyesha uzuri wa kutosoma kwa upande wa wahariri wenyewe. Alitunga makala kuhusu dawa ya saratani inayotokana na laikeni, ule utando unaoota juu ya mawe na magome ya miti. Mwandishi alimwita Ocorrafoo Cobange, wa Taasisi ya Tiba ya Wassee, mjini Asmara. Mtu huyo hayupo na taasisi hiyo haipo. Ili Kiingereza kionekane cha mtu aliyejifunza ukubwani, aliipitisha makala kwenye tafsiri ya mashine hadi Kifaransa, kisha akairudisha. Na Asmara aliichagua kwa hesabu: mhariri mdadisi akimtafuta mtafiti wa Afrika kwenye intaneti asimwone, hatashtuka. Hapo sijui tucheke au tunune.

Makosa aliyoyapanda humo hayakuhitaji jicho la profesa. Mchoro ulidai kwamba dawa ikizidishwa seli za saratani zinazidi kudumaa, wakati mistari ya mchoro huo huo ilionyesha kuwa hata kipimo kikiongezwa mara maelfu hakuna kinachobadilika. Seli zilizopewa dawa zilipewa pamoja na spiriti. Zile za kulinganishia hazikupewa hata tone. Mtu angeweza kusema kilichoua seli ni pombe. Mwisho wa makala, mtafiti huyu asiyekuwepo aliahidi kwamba hatua inayofuata ni kuthibitisha dawa yake kwa wanyama na binadamu. Bohannon alituma matoleo ya makala hiyo kwa majarida huria 304, yale yanayosomwa bure mtandaoni, na Oktoba 2013 akatoa hesabu katika jarida la Science: 157 yaliikubali, 98 yaliikataa, yaliyobaki yalikuwa bado yanaipitia au yameshakufa. Kati ya yaliyoikubali yalikuwamo yaliyo chini ya kampuni zenye majina makubwa, Elsevier na Sage zikiwemo. PLOS ONE, ambayo nayo hutoza ada, iliikataa, tena ndiyo iliyouliza maswali ya maadili ya utafiti ambayo wengine hawakuyaona.

Kama hilo halikutoshi, yupo Peter Vamplew wa Australia. Mwaka 2014, akiwa amechoshwa na mialiko, alilitumia jarida moja la teknolojia ya kompyuta makala iliyotungwa mwaka 2005 na David Mazières na Eddie Kohler. Makala hiyo ina sentensi moja tu, inayorudiwa kutoka kichwa hadi tamati, pamoja na kwenye michoro, ikiwataka wahusika wamwondoe mwandishi kwenye orodha yao ya barua pepe, ikiwa na tusi moja katikati ambalo gazeti la heshima haliliandiki. Majibu yakaja: mpitiaji ameipa daraja la juu kabisa, mwandishi aongeze marejeo ya karibuni kidogo, arekebishe mpangilio, na atume dola 150. Vamplew hakulipa, basi jarida likakosa makala pekee katika historia yake iliyosema ilichomaanisha.

Vipimo vya ubora navyo vipokee jinsi vilivyo. Ukurasa wa mbele utakuwa na nembo kumi na tano zinazometameta, na chini yake kipimo cha athari chenye tarakimu tatu za desimali, 7.214 kwa mfano, maana uongo wenye desimali unaheshimika. Kipimo cha athari kinachojulikana hukokotolewa na kampuni ya Clarivate, kwa kuhesabu ni mara ngapi makala za miaka miwili iliyopita zimenukuliwa. Jarida lililoanzishwa mwezi wa tatu mwaka huu haliwezi kuwa nacho. Lakini zimeota kampuni nyingine zinazouza vipimo vyenye majina yanayokaribiana na hicho, na jarida likilipa linapewa namba. Usifungue orodha ya Clarivate kuhakiki. Nambari ya ISSN nayo ichukue kama cheti cha ubora, japokuwa kazi yake ni kama ile ya namba ya usajili wa gari: inatambulisha chombo, haisemi kama breki zinashika.

Ukitaka kuliwa kwa ustadi zaidi, ingia kwenye jarida la kuigiza. Hapa matapeli huchukua jarida la kweli, mara nyingi lile la taasisi ndogo ambalo linachapishwa kwa karatasi au lenye tovuti iliyochakaa, wakajenga tovuti nyingine kwa jina lile lile na ISSN ile ile, na mlango wa malipo ukawa wao. Wengine wamewahi kupenyeza viungo vya tovuti hizo hadi kwenye hifadhidata zinazoaminika. Mtafiti Anna Abalkina ana orodha ndefu ya majarida ya namna hii, anayoitunza pamoja na Retraction Watch, tovuti inayofuatilia makala zinazobatilishwa. Usiiguse.

Halafu inakuja ada. Tufafanue kidogo, maana hata wakweli huchanganya mambo hapa: kutozwa ada si dalili ya utapeli. Majarida huria mengi ya kweli hutoza, na mengine hutoza fedha ambayo kwa mshahara wa mhadhiri wa Dar es Salaam au Bujumbura ni ya kununulia kiwanja. Lakini wachapishaji wengi wakubwa husamehe ada yote au sehemu kwa waandishi wa nchi kama Tanzania, Uganda na Burundi, na fomu ya kuomba msamaha huwa kwenye tovuti zao. Mtu aliyedhamiria kuliwa haijazi. Yeye huvutwa na bei ya chini. Cenyu Shen na Bo-Christer Björk walipoichunguza biashara hii, walikuta wastani wa dola 178 kwa makala. Walikadiria kwamba mwaka 2010 majarida ya aina hii yalitoa makala 53,000, na mwaka 2014 yakatoa 420,000, kutoka majarida kama 8,000. Robo tatu ya waandishi walikuwa wa Asia na Afrika. Si haba kwa soko linalodaiwa kuwanasa wajinga wachache.

Na bei hiyo isikutishe kama haikutajwa mwanzoni. Itatajwa baada ya makala kukubaliwa. Tume ya Biashara ya Marekani ilipoishtaki kampuni ya OMICS ya Hyderabad mwaka 2016, malalamiko yalikuwa hayo hayo: ada iliyofichwa, mapitio ya wataalamu yasiyokuwepo, majina ya wanasayansi yaliyotumiwa kutangazia makongamano bila wao kukubali, na waandishi walioomba kuondoa makala zao wakagomewa. Mwaka 2019 mahakama iliamuru kampuni hiyo ilipe zaidi ya dola milioni 50. Kugomewa kuondoa makala ndiko kunakouma, kwa sababu jarida la heshima halipokei kazi iliyokwisha chapishwa kwingine. Dola 178 utazisahau. Data ulizozikusanya miaka mitatu zimelala kwenye tovuti ambayo siku mwenyewe asipolipia, itazimwa.

Mpaka hapa nimeandika kana kwamba anayetapeliwa hajui. Wapo wasiojua, hasa wanafunzi, nao nawaonea huruma. Lakini makala 420,000 hazikuandikwa na watu waliofumbwa macho. Biashara hii ina wateja wanaojua wanachonunua, na wananunua kwa sababu kuna sehemu bidhaa hiyo inapokewa bila kufunguliwa. Sehemu hiyo ni kikao cha kupandisha vyeo.

Kikao hicho huanza kuchelewa na huwa na mafaili mengi. Katibu anasoma: makala nne, ya kwanza ya kimataifa, ya pili ya kimataifa, ya tatu ya kimataifa, ya nne ya ndani. Mtu anauliza kama "ya ndani" inapata alama nusu au robo. Wanajadili hilo kwa dakika kumi na tano. Makala zenyewe ziko mezani, zimebanwa stepla, na karatasi hazijakunjika hata kidogo kuonyesha kwamba kuna kidole kilichowahi kufunua ukurasa wa pili. Chai inaletwa. Mgombea anapita, na kesho yake wenzake wawili wanaomba kuelekezwa lile jarida linapatikana wapi.

Hicho ndicho kipimo tulichokiweka, tusimsingizie tapeli. Kenya imemtaka mwanafunzi wa uzamivu awe na angalau makala mbili kabla ya kuhitimu, na vyuo kadhaa vya ukanda huu vina masharti yanayofanana nayo. Sharti lenyewe si baya. Ubaya unaanza pale tarehe ya mahafali inapojulikana na makala haijapata hata mpitiaji. Afrika Kusini ilifika mbali zaidi kwa sababu serikali hukilipa chuo ruzuku kwa kila makala inayotambuliwa. Johann Mouton na Astrid Valentine walipopitia makala za miaka ya 2005 hadi 2014 walikuta 4,246 za watafiti wa nchi hiyo kwenye majarida 48 ambayo kwa tathmini yao yaelekea, au huenda, ni ya kitapeli. Vyuo vilishapokea ruzuku.

Siku hizi hata kuandika si lazima. Kwenye makundi ya WhatsApp hupita matangazo ya nafasi za uandishi: makala iko tayari, imekubaliwa, nafasi ya kwanza imeuzwa, ya pili na ya tatu bado, lipa nusu sasa na nusu jina likitoka. Viwanda hivi vya makala havijali jarida liwe hewa au la kweli, na mara kwa mara hupenya kwenye ya kweli. Kampuni ya Wiley, iliyoinunua Hindawi mwaka 2021, ilijikuta mwaka 2023 ikibatilisha makala zaidi ya 8,000 za Hindawi, kisha ikaamua kuliacha jina lenyewe. Kwa hiyo anayekwambia "hili liko kwenye hifadhidata ya Scopus, usiwe na wasiwasi" amekupa nusu ya jibu.

Yupo na mtu mwingine ambaye mwongozo huu haumlengi, lakini naye analipia. Ni yule mama wa kijijini aliyekubali mtoto wake achomwe sindano ya kutoa damu, akaweka kidole gumba kwenye fomu ya ridhaa baada ya kusomewa kwamba matokeo yatasaidia watoto wengine. Matokeo hayo yamechapishwa mahali ambapo hakuna daktari wala mtunga sera atakayeyatafuta, na akiyaona hana sababu ya kuyaamini, hata kama ni ya kweli. Kikao cha maadili kilichoidhinisha utafiti kiliuliza sindano ina urefu gani. Hakikuuliza matokeo yatachapishwa wapi.

Basi kwa mkaidi asiyetaka kufuata mwongozo, mambo machache. Orodha za majarida mabaya zisimtoshe. Ile iliyovuma zaidi ilikuwa ya Jeffrey Beall, mkutubi wa Denver, aliyeanza kuyaita majarida haya ya kinyang'anyi mwaka 2010. Ilitoweka Januari 2017, na nakala zake zinazozunguka hazijui kilichoanzishwa jana. Orodha za mazuri zinafaa zaidi: DOAJ, iliyoanza mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund huko Sweden na baadaye ikayaondoa maelfu ya majarida ilipokaza masharti, na AJOL ya Afrika Kusini, inayokusanya majarida ya bara hili tangu 1998. Tovuti mbaya isimfukuze. Majarida yetu mengi ya kweli huhaririwa na wahadhiri wasiolipwa, usiku, baada ya kusahihisha mitihani, na tovuti zao zinaonyesha uchovu huo. Yale hewa ndiyo yenye fedha ya kulipa msanifu. Amwone mkutubi wa chuo, mtu ambaye amekaa na ujuzi wote huu na kazi anayopewa ni kuulizwa nywila ya intaneti. Asome makala tatu za jarida. Amwandikie mjumbe mmoja wa bodi, mstari mmoja tu, kumuuliza kama kweli yumo. Na siku atakapokalishwa kwenye kikao cha vyeo, afungue ile stepla.

Kwa uliyekwisha kufuata mwongozo hadi mwisho, ukalipa, kuna hatua moja iliyobaki, nayo matapeli wameiandaa vizuri: utaomba makala yako iondolewe, nao watakutumia ankara ya kuiondoa, kubwa kuliko ya kuichapisha. Usiilipe. Hifadhi barua zote, andika moja ya kuliondoa jina lako, mpe nakala msimamizi wako kabla hajaambiwa na mtu mwingine, kisha fungua wasifu wako ukaufute ule mstari. Hiyo bado ni bure.